Hoki ya barafu ukubwani: vifaa vya mtumba vya kuokota na jinsi ya kuacha uoga

Haya wadau, hii ni ya nyie mlioko Canada na kule Marekani kwenye mikoa ya baridi ya kukata masikio, ambao kila Oktoba ikifika wenzenu kazini wanaanza kuongelea hoki mpaka Aprili na nyie mnabaki mnatabasamu tu, na kuna siku umepita karibu na uwanja wa barafu ukasema moyoni aisee hii kitu na mimi nataka, halafu ukaangalia bei ya vifaa dukani ukarudi zako kwenye basi. Nawaelewa. Ukiingia duka la vifaa vya hoki ukanunua kila kitu kipya bila kujua unachofanya, dola elfu moja inaondoka na bado hujagusa barafu. Ila si lazima iwe hivo hata kidogo.

Kabla sijaenda mbali niseme msimamo wangu. Uoga mwingi wa mtu mzima kwenye barafu hautoki rohoni, unatoka kwenye vifaa. Kiatu kikilegea kwenye enka, mwili unajua kabla ya akili yako kujua, unakakamaa, na ukikakamaa unaanguka. Helmeti ikicheza kichwani hutaki kujaribu kitu kipya. Ukivaa bukta nyembamba unaanguka mara moja kwa kalio kwenye barafu na baada ya hapo we ni mtu wa kushika ukuta tu. Kwa hiyo hela yako ndogo weka miguuni na kichwani, vingine karibu vyote ni mtumba, na mtumba wa huku ni mzuri kuliko unavyodhani, maana watu wananunua vifaa vya gharama wanacheza msimu mmoja wanaumwa mgongo wanauza.

Tuanze na viatu, na hapa nitakaa sana.

Viatu vya skeiti vya hoki havivaliwi kwa namba ya viatu vyako vya kawaida. Unashuka namba moja mpaka moja na nusu. Kama raba zako ni 9 ya Marekani, anza kujaribu 7 na nusu au 8. Watu wengi wa kwetu wananunua kikubwa kwa sababu ya mazoea, kiatu kikubana tunaona tumepunjwa, halafu wengine wanaongeza soksi mbili nene ili kijae. Usifanye. Soksi moja nyembamba, basi. Ukisimama wima vidole viguse kidogo tu ukuta wa mbele, ukikunja magoti kama unataka kukaa kwenye kigoda kisigino kirudi nyuma na vidole viachie. Hicho ndo kipimo. Kingine, kabla hujafunga kamba, kivute ulimi wa kiatu mbele uangalie mguu wako ulivyokaa, halafu laza penseli juu ya vitundu vya kamba, kama usawa wa kitundu cha tatu hivi kutoka juu. Penseli ikilala bila kugusa mguu, kiatu kina kina cha kutosha. Ikikalia mguu wako ikapepesuka, mguu wako ni mnene kwa hicho kiatu, tafuta kingine, na hapo ndo utaelewa kwa nini kuna herufi za upana, D ni wa kawaida na EE ni mpana, na kampuni ya Bauer siku hizi wanaandika Fit 1, Fit 2, Fit 3, ya tatu ndo pana. Wengi wetu tuliokua tunatembea ndala na peku tuna miguu iliyotanuka mbele, usione aibu kuomba Fit 3.

Sasa umekutana na muuzaji kwenye maegesho ya supamaketi, amefungua buti la gari, kuna jozi ya skeiti anasema alivaa mara chache. Wote wanasema hivo. We chukua kiatu, weka dole gumba upande mmoja wa enka na vidole vingine upande wa pili, minya kwa nguvu. Kiatu kizima kinakataa, kinaminyika kidogo tu. Kikikunjika kama kadi ya harusi, kimekufa, hata kama nje kinang'aa. Kisha kigeuze. Angalia chuma cha chini, kile kinachoteleza, urefu wake kutoka kwenye plastiki inayokishika. Kila kikinolewa kinapungua, kwa hiyo kikiwa kimebaki kiwembe chembamba ujue umeuziwa kiatu pamoja na gharama ya chuma kipya. Sio mwisho wa dunia, vile vishikio vya kisasa vya Bauer unabonyeza kitu kama kifyatulio chuma kinatoka unaweka kingine, lakini ishushe kwenye bei. Kutu ya juu juu, ile ya rangi ya chai, inatoka na kunoa mara moja. Kutu iliyochimba mashimo kwenye ukingo wenyewe haitoki, hiyo achana nayo. Angalia na ripiti zilizoshika plastiki kwenye soli, zitikise, zikicheza kuna kazi. Ingiza mkono ndani ushike kisigino, kama kitambaa kimechanika mpaka unagusa plastiki ngumu, malengelenge yanakusubiri.

Cha kuepuka kabisa ni zile skeiti laini za kustarehe zinazouzwa kwenye maduka makubwa ya kila kitu, zina vifungo vya kubana na povu kama buti za theluji, zinaonekana za starehe kweli. Hazishiki enka. Bora skeiti ya hoki ya daraja la kati ya miaka kadhaa nyuma kuliko mpya ya namna hiyo. Familia za kutafuta ni Vapor na Supreme za Bauer, na Tacks, Ribcor na Jetspeed za kampuni ya CCM. Ndani ya kila familia kuna ngazi, namba ikiwa kubwa kiatu ni kigumu na cha bei, na we mwanzoni ngazi ya kati inakutosha sana, ya juu kabisa ni ngumu kama mbao, itakutesa bure. Na kama mguu wako ni mdogo, dada zangu hasa, uliza saizi za Intermediate, zile za kati ya watoto na watu wazima, ni kiatu cha maana kwa bei ya chini kuliko cha Senior, yaani cha watu wazima.

Ukishanunua, peleka duka la hoki wakipashe moto kwenye ile oveni yao, unakivaa kikiwa cha moto unakaa nacho kimya kama dakika kumi kinajiumba na mguu wako. Hata cha mtumba kinakubali mara nyingi, ila waulize kwanza, kuna viatu vya zamani gundi yake haipendi moto. Halafu wakunolee. Hapo watakuuliza swali ambalo wengi linawatoa jasho: unataka ngapi? Chuma cha skeiti kina kingo mbili, na katikati kuna mfereji. Mfereji wenye kina unauma barafu sana, usio na kina unateleza zaidi. Namba zinasomwa kinyume kidogo: nusu inchi ina kina zaidi kuliko 5/8. Mtu mzito anazama mwenyewe kwenye barafu kwa hiyo anahitaji kina kidogo, mtu mwepesi anahitaji zaidi. Anza na nusu inchi, na kama we ni jitu la miraba minne au unaona ukitaka kufunga breki skeiti inang'ang'ania barafu mpaka unadondoka mbele, nenda 5/8. Baada ya kunolewa laza sarafu juu ya chuma uitazame kwa usawa wa jicho, ikae sambamba. Ikiinama upande mmoja, ukingo mmoja uko juu kuliko mwenzake, rudisha warudie, ni haki yako, na sio we unayeteleza vibaya ni chuma.

Kichwa. Hapa mtumba nina mashaka nao. Helmeti iliyopigwa sana huwezi kuona kwa nje, povu la ndani limechoka na muuzaji hatokwambia. Ukiweza nunua mpya ya bei ya chini yenye wavu wa uso, na iwe na stika ya CSA, alama ya kiwango cha usalama kwa Canada, bila hiyo ligi nyingi hawakuruhusu. Ukikuta na stika ya HECC, ile ya Marekani, cheti chake kinaisha miaka 6 na nusu tangu ilipotengenezwa na tarehe imebandikwa nyuma, isome. Gharama haimaanishi usalama, chuo cha Virginia Tech wanapima helmeti za hoki kwenye maabara na kutoa nyota, na kuna za bei ya kati zinazozipita za bei juu, angalia orodha yao kabla hujatoa hela. Chukua wavu wa uso mzima, achana na kile kioo cha nusu cha wachezaji wa kwenye TV. Una kazi Jumatatu, meno yako unayahitaji.

Kwa dada zangu, helmeti ijaribu na mtindo wa nywele utakaochezea. Rasta nene zilizofungwa juu hazitaingia, suka zilale chini, fundo likae shingoni. Wanaovaa hijabu, ile ya michezo inayobana kichwa inakaa vizuri chini ya helmeti, ila pima ukiwa umeivaa kabisa na sio dukani uvae bila halafu uje ugundue uwanjani.

Shingo nayo. Tarehe 28 Oktoba 2023 kule Sheffield, Uingereza, mchezaji Adam Johnson wa Nottingham Panthers alikatwa shingoni na chuma cha skeiti akiwa uwanjani akafariki. Tangu hapo kinga ya shingo sio kitu cha watoto tena. Nunua, mpya, sio bei kubwa. Pia kuna soksi zenye nyuzi za kuzuia kukatwa, ukiwa na hela ya ziada chukua, maana mwanzoni hapo mtacheza nyie wote hamjui miguu yenu inaenda wapi.

Vitu vya kununua vipya bila mjadala: kinga ya sehemu za siri, kinga ya meno, na ile ya shingo. Basi.

Vingine haraka haraka. Bukta ya hoki, ile nene, hakikisha inafunika kutoka juu ya figo mpaka karibu na goti, mtumba poa kabisa, dola 20 au 30 unapata ya maana. Shingadi zinapimwa kwa inchi, kaa kunja goti, pima kutoka katikati ya goti mpaka kiatu cha skeiti kinapoanzia, kile kikombe cha goti kikae goti kamili, kikishuka utaanguka kwenye goti tupu na utanikumbuka. Pedi za viwiko zibane, zikilegea zinazunguka na siku unayoangukia kiwiko ziko upande mwingine. Pedi za mabega chukua za bei ya kutupa, ligi za watu wazima za kujifurahisha hakuna kugongana kwa makusudi. Glavu, fungua kiganja uangalie, hapo ndo zinapokufa kwanza, mashimo makubwa acha, tundu dogo chukua upunguziwe bei. Vaa ufunge ngumi, ukiona huwezi kukunja vidole ni ngumu sana kwako.

Fimbo. Hapa ndo watu wanapigwa, kwa sababu fimbo za juu zinauzwa dola 400 na mwanzoni hutaona tofauti hata moja. Kuna namba imeandikwa kwenye mti wake, 75, 85, 95, hiyo ni ugumu wa kupinda. Kanuni ya mtaani ni nusu ya uzito wako kwa pauni, mtu wa kilo 80 ana pauni kama 176, kwa hiyo 85 hivi, na mimi namshauri anayeanza ashuke chini kidogo, achukue 75, fimbo inayopinda inakusaidia kupiga. Ukiikata inakuwa ngumu zaidi, kumbuka hilo kama we ni mfupi. Urefu: ukiwa bila skeiti ifike puani, ukiwa na skeiti ifike kidevuni. Kushoto au kulia usifuate mkono wa kuandikia kwa haraka, shika ufagio kama unafagia uwanja wa nyumbani uone mkono gani umeshuka chini. Wa chini ukiwa wa kulia fimbo yako ni ya kulia. Watu wengi wa mkono wa kulia wanajikuta ni wa fimbo ya kushoto, mkono wenye akili unakaa juu unaongoza, kawaida kabisa. Teipu ya kitambaa zungushia sehemu ya kupigia kutoka kisigino kwenda ncha, na weka fundo juu ili isikuponyoke.

Wapi pa kununua. Play It Again Sports ndo duka la kwanza la kwenda, wana matawi Canada na Marekani, wananunua na kuuza vya mtumba, na uzuri wake unajaribu papo hapo. Kijiji (ni jina la tovuti ya matangazo ya huku) na Marketplace ya Facebook kwa Canada ndo kwenye dili zenyewe, andika na majina yaliyokosewa, watu wanaandika "hocky" na tangazo lao linakosa wa kuligombania. SidelineSwap ni ya mtandaoni, nzuri kwa fimbo na glavu, kwa viatu mpaka uwe unajua namba yako ya kampuni husika. Value Village na maduka mengine ya misaada ni kama kupekua mabelo ya Gikomba au Karume asubuhi, siku unatoka mikono mitupu siku unatoka na bukta ya dola 9 ya mchezaji wa chuo. Nenda yaliyo karibu na mitaa ya wenye nazo.

Wakati pia una maana. Aprili na Mei msimu umeisha watu wanasafisha gereji, hapo ndo kipindi chenyewe. Agosti mwishoni mpaka Septemba bei inapanda kila mtu anatafuta. Januari na Februari wanauza walioanza kwa mbwembwe wakakata tamaa, vifaa vinakuwa karibu vipya. Tafuta tangazo la "seti nzima", mtu anauza begi na kila kilichomo kwa bei moja, unaweka unachotaka unauza kisichokutosha, kuna watu seti yao imewarudishia karibu hela yote hivo. Na kwenye kupatana, wazungu wengi hawana stamina ya kupatana kama sisi, usimchoshe, taja kasoro uliyoiona kwa macho yako, sema chuma kimebaki kidogo nitahitaji kingine, taja bei yako mara moja nyamaza. Inafanya kazi kuliko kulialia.

Ila dili kubwa kuliko zote haliko mtandaoni. Liko kwenye chumba cha kubadilishia. Mtu aliyecheza miaka 20 ana fimbo nne na pedi za ziada nyumbani zinagombanisha yeye na mkewe, ukisema tu wewe ni mgeni unatafuta shingadi, wiki ijayo zinakuja bure. Na kama unatafutia watoto, uliza Jumpstart na KidSport, mashirika ya Canada, hao wanalipia ada na wakati mwingine vifaa kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo, msijinyime kwa aibu, ziliwekwa kwa ajili hiyo.

Harufu, jamani. Vifaa vya mtumba vinanuka. Jaza beseni au bafu maji ya vuguvugu, sabuni ya kufulia na siki nyeupe kikombe kimoja au viwili, loweka pedi na glavu na bukta, maji yatakuwa rangi ya mto Msimbazi, mwaga rudia. Usiweke kwenye mashine ya kukaushia, joto linaharibu povu. Anika kwenye feni au nje. Viatu usiviloweke, futa tu. Na ukitoka mchezoni usiache begi limefungwa kwenye gari, fungua anika kila kitu siku hiyohiyo, chuma cha skeiti futa na taulo pale pale kabla hujavua jezi maana kutu inaanza usiku uleule.

Sasa kujiamini. Hii watu wanadhani inakuja yenyewe ukizoea, mimi naona inajengwa kwa mpangilio, na tofali la kwanza ni kuanguka. Siku ya kwanza ukiwa umevaa kila kitu, nenda pembeni uanguke makusudi. Kwa magoti kwanza, ukiwa na shingadi utashangaa hausikii kitu. Halafu ubavu. Halafu simama: goti moja chini, mguu mmoja mbele, mikono miwili juu ya goti la mbele, sukuma. Rudia mpaka ikuchoshe. Ukishajua kwamba kuanguka hakuumi na kuinuka ni sekunde mbili, nusu ya uoga imeondoka, na hii ndo sababu nilisema tumia hela kwenye vifaa, mtu aliyevaa jinzi na jaketi hawezi kufanya hili zoezi.

Tofali la pili ni breki. Mtu asiyeweza kusimama hawezi kwenda kasi, kila akipata kasi anaogopa, hiyo ni akili timamu sio uoga. Shika ukuta kwa mikono miwili, simama, kunja magoti, chukua mguu mmoja uukwangue barafu kwa pembeni, sukuma mbali na mwili, utaona unga mweupe unatoka kama unakuna nazi. Ukikwaruza kwa ukingo mkali sana mguu unagoma, ukilaza kidogo unakwangua laini. Hiyo pembe ndo siri yenyewe, na mguu wako unatakiwa uijue ukiwa umesimama kabla haujaitafuta kwenye mwendo. Ukishaipata, achia ukuta, teleza taratibu, geuza kiuno, kwangua kwa mguu mmoja. Kisha miwili. Na fanya upande unaokushinda mara mbili ya ule unaouweza, kila mtu ana upande mmoja mbovu, ukiuachia mwanzoni utacheza mwaka mzima unageukia upande mmoja kama gari lililoharibika stelingi.

Magoti, magoti, magoti. Ukiona umechoka na mapaja hayawaki moto, umesimama wima. Macho mbele, usiangalie miguu, kichwa kikienda chini mwili unafuata.

Pa kufanyia mazoezi bure papo. Edmonton kwa mfano kila mtaa una jumuiya yake inayomwagia maji uwanja wa nje kila baridi, unalipia uanachama mdogo wa mwaka unapata kitambulisho cha skeiti, na Winnipeg na Minneapolis navyo vina viwanja vya nje vingi. Nenda asubuhi ya siku ya kazi kama una shifti ya usiku, au saa za chakula cha jioni, watu hakuna. Ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri vidole vya miguu vinaganda haraka, dakika 40 zinatosha, ingia ndani upashe moto. Nyumbani, chukua mpira wa gofu au wa mbao, ubao laini, chezesha fimbo ukiwa unaangalia mechi ya Simba na Yanga au Gor na AFC, shabaha ni kuuchezea bila kuuangalia.

Baada ya hapo tafuta kozi ya watu wazima wanaoanza, viwanja vingi vinazo, wanaita learn to play. Hapo utakutana na daktari, dereva wa lori, mama wa watoto watatu, wote wanaanguka. Ni mahali pazuri kuliko kwenda moja kwa moja kwenye mechi za kuokoteza ambako vijana waliocheza tangu wana miaka minne wanakupita kama upepo. Ukiwa tayari kwa ligi, sema ukweli kuhusu kiwango chako, chagua daraja la mwisho kabisa. Kukaa daraja la chini unashinda kidogo kidogo kunajenga roho, kukaa juu unabebwa kunaibomoa.

Mechi ya kwanza omba kucheza winga. Kati ndo kazi zote, beki ukikosea ni goli. Winga una mstari wako, panda na shuka nao, ukiwa kwenye eneo lenu msimamie beki wao wa upande wako, mkipata kisahani (puck, kile kinachopigwa na fimbo) kitoe nje haraka kipitie pembeni ya ukuta. Ofsaidi ni rahisi kuliko ya mpira wa miguu: kisahani kivuke mstari wa bluu kabla yako. Zamu yako iwe fupi, sekunde 45 mpaka dakika, ukichoka toka, hakuna kinachowaudhi watu kama mtu anayekaa uwanjani dakika tatu anahema. Weka fimbo chini kwenye barafu muda wote, hata usipojua ufanye nini, pasi nyingi zinakugonga zenyewe. Na kisahani ni mpira mgumu uliogandishwa wa kama gramu 170, ukikiona kinakuja usigeuze mgongo, kikabili, mbele ndo kwenye kinga.

Kuna lile jingine ambalo halisemwi. Utaingia chumba cha kubadilishia uwe mweusi peke yako, watu watakuuliza mara ngapi umeona barafu. Waambie Nairobi kuna uwanja wa barafu pale Panari, Mombasa Road, uliofunguliwa 2005, na timu ya hoki ya Kenya Ice Lions walikuwa hawana hata timu ya kushindana nayo nyumbani mpaka 2018 wakaletwa Canada wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa ligi kuu ya NHL, upande wao. Waambie Willie O'Ree, mchezaji mweusi wa kwanza wa NHL, aliingia na Boston Bruins tarehe 18 Januari 1958 na jicho lake la kulia karibu halioni kabisa. Kama uko Alberta ndo kabisa, Grant Fuhr, kipa mweusi aliyebeba Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, mara tano na Oilers ya Edmonton, ni mtoto wa Spruce Grove hapo jirani, na Jarome Iginla aliyekuwa kapteni wa Calgary baba yake Mnigeria. Halafu kaa, funga kamba zako, piga kisigino chini mara mbili kirudi nyuma, legeza vidoleni kaza enka. Wengi wao wanataka tu mtu wa kuwapa pasi.

Siku ya mechi fika dakika 30 kabla, kuvaa kunachukua muda usiouamini, na utaratibu ni kinga ya siri, shingadi, soksi, bukta, skeiti, ndo juu. Ukivaa pedi za mabega kwanza hutaweza kuinama kufunga kamba. Beba jezi mbili, moja nyeusi na moja nyeupe, maana hawatakwambia mpaka umefika, na beba kamba ya kiatu ya akiba na teipu yako mwenyewe.